Nakala ya pili kwenye wingu la pili: mwongozo kamili wa kutunza data ya biashara kwa watoa huduma wawili

Kutumia wingu zaidi ya moja kuna maana mbili ambazo wauzaji hupenda kuzichanganya. Ya kwanza ni kuendesha mfumo uleule kwa watoa huduma wawili kwa wakati mmoja, ili mmoja akianguka mwingine aendelee bila mteja kugundua. Ya pili ni kufanya kazi kwa mtoa huduma mmoja na kuweka nakala kamili ya data kwa mwingine, mahali ambapo akaunti ya kwanza haiwezi kugusa kitu.

Ya kwanza ni ghali, inataka mafundi wengi, na hifadhidata mbili zinazoandikiana kutoka mabara tofauti hazikawii kutofautiana. Ya pili fundi mmoja anaweza kuikamilisha kwa wiki mbili au tatu, na kwa biashara ndogo na za kati inatosha. Mwongozo huu unahusu hiyo ya pili tu.

Tutumie mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kampuni ya usambazaji yenye ghala Dar es Salaam na matawi Arusha na Mwanza. Ina hifadhidata ya mauzo na uhasibu ya GB 40 kwenye programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, ankara na mikataba iliyopigwa skani GB 600, picha za bidhaa na faili za ofisi GB 360, na rekodi za kamera za ghala TB 1. Laini ya intaneti ya ofisi hupandisha Mbps 20.

Mtoa huduma mmoja hutosha kwa nini, na hukwama wapi

Amazon S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi faili, imeundwa kutunza kila kitu kwa uhakika wa asilimia 99.999999999 kwa mwaka. Tarakimu hizo zinahusu diski kufa. Hazimhusu mfanyakazi aliyefuta baketi (chombo kinachobeba faili kwenye wingu), kadi ya benki iliyokwisha muda, wala mwizi aliyepata nenosiri la msimamizi. Data ikifutwa kwa amri halali, itafutika kwa uhakika uleule.

Mei 2024 UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulikuta mfumo wake wa Private Cloud ndani ya Google Cloud umefutwa. Wakati wa kuuandaa, nafasi moja ya kujaza ilikuwa imeachwa wazi, na kwa hiyo mfumo ukapewa umri wa mwaka mmoja bila mtu kujua. Kuwa na maeneo mawili hakukusaidia, kwa sababu yote yalikuwa chini ya usajili mmoja. Walirudi kazini kwa kutumia nakala, zikiwemo zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine. Miaka mitatu kabla ya hapo, 10 Machi 2021, jengo la SBG2 la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wapo wateja waliogundua kwamba nakala zao zilikuwa ndani ya jengo hilohilo.

Upande wetu kuna jambo la ziada: njia ya kuifikia data. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wakabaki na intaneti ya kudonoa. Seva za Afrika Kusini zilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa kuzifikia.

Hatua ya 1: pima data kabla ya kuchagua duka

Andika kila fungu la data kwenye jedwali, na mbele yake majibu ya maswali mawili. Likipotea, tunaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani: dakika 5, siku moja, mwezi? Na tunaweza kukaa muda gani bila kuliona? Majibu yatoke kwa mhasibu na meneja wa mauzo. Fundi akijibu peke yake, kila kitu huwa "muhimu sana" na bili hupaa.

Kwa kampuni yetu, hifadhidata haivumilii zaidi ya dakika 10 za mauzo kupotea, na irudi ndani ya saa 4. Ankara zinaweza kupoteza kazi ya siku moja, kwa kuwa karatasi bado zipo kabatini. Picha za bidhaa hata wiki. Rekodi za kamera zisipelekwe kwenye wingu hata kidogo: ziache kwenye mashine ya kurekodi kwa siku 30, na vipande vya matukio tu, wizi au ajali, vinakiliwe kwenye folda ya ankara. Kwa uamuzi huo mmoja TB 2 zimekuwa TB 1.

Hatua ya 2: chagua mtoa huduma wa pili, ukiangalia mahali na sheria

Watoa huduma wakubwa watatu wote wana vituo Afrika Kusini: Azure tangu 2019, Amazon mjini Cape Town tangu 2020, Google mjini Johannesburg tangu 2024. Ni karibu na sisi na data inafika haraka. Lakini ukiweka ya kwanza Cape Town na ya pili Johannesburg, mikongo ya kusini ikikatika umezipoteza zote mbili kwa mpigo. Moja ikiwa kusini, nyingine iwe Ulaya au Ghuba, ambako njia hupita kaskazini. Njia ya Bahari ya Shamu nayo imewahi kukatika, ndiyo sababu nakala ya tatu, ndogo, inabaki ofisini kwenye NAS (kisanduku cha diski kwenye mtandao wa ofisi) yenye diski mbili zinazoakisiana.

Sheria isomwe kabla ya kulipia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya ina sheria yake ya 2019, ambayo inataka uvujaji wa taarifa uripotiwe kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Zote mbili zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Rwanda imebana zaidi: kwa sheria ya 2021, taarifa binafsi hutunzwa ndani ya nchi isipokuwa mamlaka imetoa kibali. Kusimba data (kuifunga kwa nenosiri isisomeke) kabla ya kuituma hakukuondolei wajibu huo, ingawa siku ya uvujaji kunakupa maelezo mazuri zaidi.

Sasa bei. Usiangalie bei ya kuhifadhi peke yake. Angalia vitu vinne: kuhifadhi, kutoa data nje, kila ombi, na muda wa chini wa kukaa. Kwenye S3 ya kawaida kule Virginia, kuhifadhi TB 1 ni takriban dola 23 kwa mwezi. Kuitoa nje ni karibu dola 0.09 kwa GB baada ya GB 100 za bure za kila mwezi, yaani zaidi ya dola 80 kwa TB nzima. Cape Town inazidi hapo kwa vyote viwili. Cloudflare R2 huuza TB 1 kwa takriban dola 15 na haitozi kutoa. Backblaze B2 huwa kati ya dola 6 na 7, na kutoa ni bure hadi mara tatu ya ulichohifadhi. Bei hizi hubadilika, kwa hiyo fungua ukurasa wa bei siku unayoamua.

Tabaka za baridi, yaani hifadhi ya bei ndogo kwa data isiyoguswa mara kwa mara, ndiko watu wengi huumia. Glacier Deep Archive ya Amazon ni rahisi mno kwa mwezi, lakini kitu kikiingia kinalipiwa siku 180 hata ukikifuta kesho, na kukirudisha huchukua saa 12 hadi 48. Archive ya Google hulipisha siku 365. Bei ya maombi nayo hupanda: kuingiza vitu 1,000 kwenye S3 ya kawaida ni dola 0.005, kwenye Deep Archive ni takriban dola 0.05. Ankara zetu, kwa wastani wa KB 300 kila moja, ni faili milioni 2. Kuziingiza kwenye tabaka la kawaida ni dola 10, kwenye Deep Archive ni dola 100 kabla hata hazijakaa siku moja. Ukitaka baridi, zifunge kwanza kwa mwezi, faili moja la tar (furushi la faili nyingi) kwa kila mwezi wa ankara.

Kwa mfano wetu: kazi inafanyika Amazon Cape Town, nakala inakaa B2 upande wa Ulaya. Gharama ya nakala, pamoja na matoleo ya zamani, haitazidi dola 10 kwa mwezi.

Hatua ya 3: tenganisha akaunti kweli kweli

Mawingu mawili yanayofunguliwa kwa barua pepe moja, simu moja na kadi moja ni wingu moja lenye bili mbili. Akaunti ya pili ifunguliwe hivi:

- Barua pepe isiyo kwenye kikoa cha kampuni. Kikoa kikisahaulika kulipiwa, barua za kubadili nenosiri hazitafika, na hapo umefungiwa nje kotekote.
- Kadi tofauti, ya benki tofauti. Kadi za mtandaoni zinazojazwa kwa simu zinafaa, ila salio likiwa pungufu siku ya malipo akaunti husimamishwa, na ikisimama muda mrefu data hufutwa. Acha humo salio la miezi mitatu.
- Uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya simu au funguo halisi za USB, mbili, kwa watu wawili. Usitegemee SMS: laini hubadilishwa, watu huacha kazi.

Kisha ufunguo wa mashine. Programu inayotuma nakala ipewe ufunguo wa kuorodhesha, kusoma na kuandika kwenye baketi moja tu. Isipewe ruhusa ya kufuta, wala ya kubadili kanuni za baketi. Kwenye B2 unachagua uwezo huo unapotengeneza ufunguo. Kwenye huduma nyingine zinazopokea amri za aina ya S3 unaacha `s3:DeleteObject`, `s3:DeleteObjectVersion` na `s3:PutLifecycleConfiguration` nje ya sera. Mwizi akiingia kwenye seva yenu ataukuta ufunguo huo, na utakuwa na faida ndogo kwake.

Washa matoleo, yaani faili likibadilishwa la zamani libaki, na kufuli la vitu, yaani Object Lock, linalozuia faili kufutwa kabla ya muda. Hali ya Governance huruhusu mwenye ruhusa maalumu kufungua. Hali ya Compliance haimruhusu mtu yeyote, hata mwenye akaunti, hadi siku zitimie. Kwa nakala tunapendekeza Compliance ya siku 30. Jaribu kwanza kwa siku 1 kwenye baketi tupu, maana anayekosea kuandika siku 3,650 badala ya 30 atalipia kosa hilo miaka 10.

Hatua ya 4: hifadhidata

Usinakili folda ya hifadhidata inayofanya kazi. Faili zitafika zikiwa za nyakati tofauti, na utagundua siku ya kurejesha. Njia rahisi ni `pg_dump -Fc` kila usiku, pamoja na `pg_dumpall --globals-only`, ambayo husahaulika karibu kila mahali. Bila hiyo majedwali hurudi lakini watumiaji wa hifadhidata na ruhusa zao hawarudi. Kwa MySQL yenye majedwali ya InnoDB, tumia `mysqldump --single-transaction`.

Kwa sharti letu la dakika 10, nakala ya usiku haitoshi. Tumia pgBackRest, ambayo hutuma kumbukumbu za miamala, WAL, kwenye hifadhi mbili kwa wakati mmoja. Hifadhi ya pili unaitaja hivi kwenye faili la mipangilio:

```
repo2-type=s3
repo2-s3-endpoint=<anwani ya mtoa huduma wa pili>
repo2-s3-bucket=<baketi>
repo2-cipher-type=aes-256-cbc
repo2-retention-full=4
archive-async=y
archive-push-queue-max=20GiB
```

Ongeza ufunguo, siri, kanda na nenosiri la usimbaji, na kwenye PostgreSQL weka `archive_timeout` ya sekunde 300, ili WAL itumwe angalau kila dakika 5.

Kuna mitego mitatu hapa. Wa kwanza: WAL hutumwa kwenye hifadhi zote, lakini amri ya `backup` hushughulikia hifadhi ya kwanza peke yake usipoitaja nyingine. Usipopanga pia `pgbackrest --stanza=jina --repo=2 backup` (`jina` ni lile ulilopa hifadhidata kwenye mipangilio ya pgBackRest), wingu la pili litajaa WAL zisizo na msingi wa kuzisimamishia, na hapo hakuna cha kurejesha. Wa pili: mtoa huduma wa pili akikatika kwa siku mbili, WAL hurundikana kwenye diski ya seva hadi ijae, na PostgreSQL husimama. Yaani nakala imeua mfumo iliokuja kuulinda. Ndiyo kazi ya `archive-push-queue-max`: foleni ikifika GiB 20, kumbukumbu huachwa na onyo huandikwa. Ukiliona onyo hilo, chukua nakala nzima mpya siku hiyohiyo, kwa sababu mlolongo umekatika.

Wa tatu ni kufuli lenyewe. pgBackRest husafisha nakala zilizozeeka na huhitaji ruhusa ya kufuta. Kwa baketi hii ya hifadhidata tu, mpe ruhusa ya kuficha faili, ambayo huacha toleo la zamani likiwa chini ya kufuli, na umnyime ruhusa ya kufuta matoleo. Usiitumie baketi moja kwa hifadhidata na ankara.

Hatua ya 5: faili

Chombo ni rclone, programu ya kunakili faili kwenda kwenye wingu. Kwa `rclone config` tengeneza viunganishi viwili: cha kwanza kwenda baketi, cha pili cha aina ya crypt juu ya hicho, ambacho husimba majina na yaliyomo kabla havijatoka ofisini. Tukiite `siri`. Manenosiri ndani ya rclone.conf yamefichwafichwa tu, hayajasimbwa, kwa hiyo linda faili hilo kama ufunguo wenyewe.

Jaribu kwanza kwa kuongeza `--dry-run`, inayoonyesha kitakachofanyika bila kukifanya, halafu:

```
rclone copy /data/ankara siri:ankara --immutable --transfers 8 --bwlimit "07:00,1M 19:00,off" --log-file /var/log/rclone-ankara.log --log-level INFO
```

Tumia `copy`, usitumie `sync`. Sync hufuta upande wa pili chochote kilichopotea upande wa kwanza: mtu akifuta folda saa 9 alasiri, usiku nakala nayo inaondoka. `--immutable` hukataa kubadili faili lililokwisha kutumwa. Ankara iliyopigwa skani haina sababu ya kubadilika, kwa hiyo makosa ya ghafla 4,000 kwenye kumbukumbu za rclone yanakuambia kuna kirusi kinachosimba faili ili kudai fidia. Kwa picha na faili za ofisi, ambazo hubadilika kila siku, ondoa `--immutable` na utegemee matoleo.

Kuhusu `--bwlimit`, hapa ofisi nyingi zimezimwa: herufi M ni megabaiti kwa sekunde, ilhali Mbps ni megabiti, na baiti moja ni biti 8. `1M` ni karibu Mbps 8. Anayeandika `10M` akidhani ni Mbps 10 ameomba Mbps 80 na zaidi, na laini yote ya Mbps 20 inaliwa huku wauzaji wakishindwa kutoa risiti.

Hesabu ya mara ya kwanza: usiku, saa 12 kwa Mbps 20, ni GB 108. Mchana, saa 12 kwa `1M`, ni GB 45. Jumla GB 153 kwa siku, hivyo GB 960 ni siku 6 na kitu. Weka siku 8, maana laini haifikii namba iliyoandikwa kwenye mkataba. Umeme ukikatika, rudia amri ileile. Faili zilizokwisha kufika hazitumwi upya.

Kama faili ziko tayari kwenye wingu la kwanza, kuzinakili kutoka huko kutakugharimu ada ya kutoa. Ikiwa asili bado ipo ofisini, tuma kutoka ofisini: polepole, lakini bila ada hiyo.

Ikimalizika, hakiki kwa `rclone cryptcheck /data/ankara siri:ankara --one-way`. Rudia kila mwezi.

Hatua ya 6: kanuni za baketi na kengele

Weka kanuni mbili tu. Upandishaji uliokatika njiani ufutwe baada ya siku 7. Vipande hivyo havionekani kwenye orodha ya faili lakini vinalipiwa. Matoleo ya zamani yafutwe baada ya siku 60, yaani baada ya kufuli kuisha na muda wa ziada wa kugundua tatizo.

Kengele nazo. Ujumbe wa "imeshindikana" hautoshi, kwa kuwa seva iliyozimika haitumi ujumbe. Panga kinyume: kila nakala ikifanikiwa itoe ishara kwenye huduma ya nje, na ishara ikikosekana kwa saa 26 simu ya fundi ilie. Kengele ya pili ni ya ukubwa: nakala ya leo ikiwa ndogo kuliko ya jana kwa zaidi ya theluthi, mtu aangalie. Ya tatu ni ya bili, kwa mara moja na nusu ya kawaida.

Hatua ya 7: zoezi la kurejesha

Kila baada ya miezi mitatu, chukua kompyuta au seva ya kukodi isiyo na ufunguo wowote wa wingu la kwanza. Mpe mtu ambaye hakuupanga mfumo. Awe na karatasi ya maelekezo na saa.

Arejeshe hifadhidata kwa `pgbackrest --stanza=jina --repo=2 restore`, aiwashe, ahesabu mistari ya jedwali la mauzo na alinganishe jumla ya mauzo ya mwezi uliopita na ripoti ya mhasibu. Achague ankara 20 kwa kubahatisha na kuzifungua. Aandike muda. Kwa laini ya Mbps 20, kushusha GB 40 ambazo hazijabanwa ni saa 4 na dakika 27, na hapo sharti la saa 4 limeshavunjwa kabla kazi haijaanza. Ndiyo maana kurejesha hufanyika kwenye seva ya kukodi huko Ulaya, karibu na nakala, kisha jina la kikoa linaelekezwa huko. Rekodi za DNS, zinazoelekeza jina la kikoa kwenye anwani ya seva, ziwe na TTL (muda wa kukumbukwa) ya sekunde 300 tangu siku za amani. Ukiipunguza wakati wa dharura, wateja wengi bado wanashika anwani ya zamani. Na DNS yenyewe isikae kwenye wingu la kwanza.

Zoezi la kwanza hukwama karibu kila mara, na hukwama mahali palepale: nenosiri la usimbaji liko kwenye seva iliyopotea. Kwa hiyo weka karatasi mbili kwenye bahasha zilizofungwa, moja kwenye kasiki la ofisi na nyingine nje ya jengo. Kila moja iwe na nenosiri la crypt na lile la pili la chumvi (salt) ambalo rclone huliomba, nenosiri la pgBackRest, jina la akaunti ya wingu la pili, misimbo ya dharura ya hatua mbili, na mahali ilipo namba ya kadi. Andika kwa kalamu, kwa herufi za kuchapa, na utofautishe sifuri na O. Nenosiri likibadilishwa, bahasha zote mbili zibadilishwe siku hiyo, na za zamani zitunzwe hadi nakala zilizosimbwa kwa nenosiri la zamani ziishe muda wake.